Maktaba Isiyo na Vitabu: Uhakiki wa Istilahi za Usalama wa Programu za Kompyuta

Mwezi Desemba 2021 ofisi moja ya umma, ambayo haina haja ya kutajwa hapa, ilipokea waraka wa tahadhari uliotafsiriwa kutoka Kiingereza. Sentensi yake kuu ilisema: "Udhaifu mkubwa umegunduliwa katika maktaba ya mtu wa tatu iliyofungashwa pamoja na jukwaa lenu, unyonyaji wake unaendelea, sasisheni mara moja." Karani wa masjala, mtu mwangalifu na mwenye uzoefu wa miaka mingi, aliusoma mara mbili, akaliona neno maktaba, akaupeleka kwa mkutubi. Mkutubi naye hakuupuuza. Alikagua makabati na madirisha, kisha akaandika pembeni kwa hati nzuri: "Hakuna udhaifu uliobainika. Maktaba hufungwa kwa kufuli mbili." Waraka ukarudi masjala, ukalala katika jalada siku tisa kabla ya fundi wa kompyuta kuuona.

Kisa hiki husimuliwa ofisini kwetu kwa kicheko. Mwandishi wa makala haya hacheki sana, kwa sababu tafsiri ile ilipita mezani pake kabla ya kutumwa, naye akaigonga muhuri. Kila neno lililokuwamo lilikuwa limezoeleka miongoni mwa wafasiri, na hapana hata moja ambalo kamusi ingelikataa. Hata hivyo watu wawili wenye akili timamu, wanaokijua Kiswahili vizuri na wenye nia ya kutii, waliusoma waraka huo wakafanya jambo lisilohusika.

Kwa maoni yangu kosa si lao. Istilahi inayotumiwa katika tahadhari ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kutaja kitu. Ya pili, ambayo sisi wa taaluma ya istilahi twaisahau mara kwa mara, ni kumwezesha msomaji kujua ni nani anayetakiwa kufanya jambo gani. Nitayapima maneno ya waraka ule kwa kipimo hiki cha pili.

Kwanza yafaa kueleza waraka ulihusu nini. Log4j ni programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Kazi yake ni kuweka kumbukumbu ya mambo yanayotokea ndani ya programu kubwa: nani ameingia, saa ngapi, kosa gani limetokea. Ni kama daftari la mlinzi wa langoni. Hutunzwa na watu wachache wanaojitolea chini ya Apache Software Foundation, na waandishi wa programu duniani kote huichukua na kuitia ndani ya kazi zao badala ya kujiandikia daftari upya. Tarehe 24 Novemba 2021 mtaalamu wa kampuni ya Alibaba ya China aliwaarifu watunzaji hao jambo la kutisha. Mtu wa nje akifaulu kuifanya Log4j iandike maneno yaliyopangwa kwa namna fulani, Log4j huyatii maneno hayo kama amri, ikaenda kuchukua programu ngeni kutoka kompyuta nyingine na kuiendesha. Chukulia mlinzi ambaye akiandika katika daftari kwamba mgeni aliyefika anaitwa Fungua Ghala, huinuka hapo hapo akaenda kulifungua ghala. Habari zilienea hadharani tarehe 9 Desemba. Kwa kipimo cha kimataifa cha ukali wa mambo ya namna hii, ambacho mwisho wake ni 10, jambo hili lilipewa 10.

Shida kubwa ilikuwa kwamba wengi waliokuwa na Log4j hawakujua kuwa wanayo. Ofisi hununua mfumo wa malipo. Mfumo huo umejengwa juu ya programu ya kampuni nyingine, ambayo nayo imetia ndani yake programu ya tatu, na ndani ya hiyo ya tatu mna Log4j. Hakuna mtu katika ofisi hiyo aliyewahi kuiagiza wala kulisikia jina lake.

Sasa turudi kwa mkutubi. Neno maktaba kwa maana ya kompyuta ni tafsiri ya moja kwa moja, na hatuko peke yetu. Waarabu, ambao kwao neno hili limetoka, hulitumia hivyo hivyo. Wafaransa nao wametumia neno lao la nyumba ya vitabu, ingawa wapo wanaoteleza na kuandika neno ambalo kwao ni duka la vitabu. Asili yake ni ya haki kabisa. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kwenye mashine iliyoitwa EDSAC, ambayo ilianza kazi mwaka 1949, vipande vya programu vilitobolewa kwenye tepu za karatasi na kuhifadhiwa kabatini. Aliyehitaji kipande cha kukokotoa kipeo cha pili alikwenda kabatini, akakitoa, akakinakili kwenye tepu yake, akakirudisha. Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill walikieleza kitabuni utaratibu huo mwaka 1951. Lau waraka wetu ungalipelekwa Cambridge mwaka ule, mkutubi ndiye angalikuwa mtu wa kwanza kuulizwa.

Lakini kabati lile halipo tena. Aliyebaki nalo ni mwandishi wa programu peke yake, ambaye bado huchagua na kunakili. Mtumishi wa ofisi hupata kitu kilichokwisha kuchomekwa ndani ya kingine, wala haoni rafu, kabati au orodha. Kwake neno maktaba linataja mahali, ilhali kitu chenyewe ni sehemu ya mwili wa programu. Kwa hiyo nashauri tutumie kijenzi, yaani kitu kinachojenga kitu kingine. Marafiki zangu mafundi wamenipendekezea kipuri, nami nililipenda kwa muda, kwa kuwa gari letu nalo huundwa na kampuni moja kwa breki za kampuni nyingine. Lakini kipuri hununuliwa wakati kifaa kimeharibika, tena mwenye gari ndiye anayekwenda kukinunua. Kijenzi kimo tangu mwanzo.

Sisemi maktaba lifutwe. Wanafunzi wa kompyuta wamekwisha kulizoea, na katika vitabu vyao halileti madhara. Ninachokataa ni kuliacha peke yake, bila kuongezewa "ya programu," katika karatasi inayopitia masjala.

Neno la pili ni udhaifu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi. Udhaifu ni hali ya mwenye nao. Mgonjwa ni dhaifu, hoja ni dhaifu, timu ya mpira ina udhaifu katika ngome yake. Dawa ya udhaifu ni kuongezewa nguvu. Nimewahi kusoma ombi la fedha ambamo ofisi iliomba kompyuta zenye nguvu zaidi kwa sababu imearifiwa kuwa mfumo wake una udhaifu. Aliyeandika ombi hilo alifuata mantiki ya lugha yake. Wengine huandika mdudu, ambalo ni utani wa Kiingereza uliohamishwa bila kicheko chake. Wengine huandika kasoro, ambalo ni neno zuri, lakini kwa jambo tofauti.

Tofauti hiyo si ya kupita juu juu. Mwezi Aprili 2014 iligunduliwa hitilafu katika OpenSSL, kijenzi kinachotumiwa na tovuti nyingi kuficha mawasiliano yasisomwe na wengine. Kompyuta iliweza kuambiwa, "Nirudishie neno hili, lina herufi nyingi kadhaa," nayo ikarudisha idadi iliyotajwa bila kuhesabu kama neno lililotumwa lina urefu huo. Kwa kila ombi aliyeuliza aliweza kujichotea hadi kilobaiti 64 za mambo yaliyokuwa katika kumbukumbu ya mashine, nywila za watu zikiwamo. Hitilafu hiyo, waliyoibandika jina Heartbleed, ilikuwa kasoro halisi: mwandishi alisahau kukagua urefu. Kwa Log4j mambo yalikuwa mengine. Uwezo wa kwenda kuchukua vitu kwenye kompyuta nyingine haukuingia kwa kusahau. Uliongezwa kwa makusudi mwaka 2013, ukafanya kazi kama ulivyokusudiwa. Hapakuwa na kilichovunjika, na hata hivyo adui aliweza kupita.

Kwa hiyo twahitaji neno litakalosema kwamba mahali fulani pana nafasi ya kupenya, pawe na kasoro au pasiwe nayo. Nilifikiria ufa, kwa sababu ya methali yetu ya ufa na ukuta, ambayo kila mwalimu ameifundisha. Lakini ufa huja kwa uchakavu na mwenye nyumba huuona, ilhali huu ulijengwa pamoja na nyumba ukakaa miaka minane machoni pa watu. Mwanya nao umekwisha kuwa na maana ya nafasi njema. Tunampa mtu mwanya wa kujieleza, na mwanya wa meno ni uzuri. Limebaki upenyo. Faida yake ni kitenzi kilichomo ndani yake. Anayesikia upenyo humfikiria mpenyaji, akatafuta pa kuziba, wala hafikirii kununua mashine nyingine. Napendekeza kasoro libaki kwa makosa ya uandishi wa programu, na upenyo litumike kwa yale yanayompa adui njia. Kasoro nyingi hazina upenyo, na upenyo mwingine, kama tulivyoona, hautokani na kasoro.

Kuhusu unyonyaji sitasema mengi. Mfasiri aliona kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kutumia kitu kwa faida, akachukua tafsiri ambayo kizazi cha Azimio la Arusha kiliijua vizuri. Kwa mzee aliyekuwa katika semina za mwaka 1967, unyonyaji unaoendelea katika maktaba ni habari ya kupeleka tawini. Neno uvamizi latosha, au kusema waziwazi kwamba wapo watu wanaoutumia upenyo huo sasa hivi.

Mtu wa tatu ni fungu gumu zaidi, kwa kuwa linaelekea mahakamani. Wenye magari wanajua bima ya mtu wa tatu: wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, wa tatu ni yule aliyegongwa njiani, ambaye hana mkataba na yeyote kati yao. Huyo ndiye mwenye kudhurika na mwenye kulipwa. Katika programu mambo yamegeuka. Anayeitwa mtu wa tatu ndiye aliyekiandika kijenzi, pengine usiku, baada ya kazi yake ya mshahara, akakitoa bure. Mwenye kudhurika ni raia ambaye majina na namba zake zimo katika mfumo, naye hahesabiwi kabisa. Nani wa kwanza na nani wa pili, waraka hausemi.

Hapa kuna jambo lenye uzito kwa Tanzania hasa. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Siku mfumo utakapovamiwa na taarifa za watu kuibwa, hakimu atazisoma nyaraka hizi kama zilivyoandikwa. Ofisi itakayosema kwamba upenyo ulikuwa wa mtu wa tatu itakuwa imesema neno linaloiondoa katika lawama bila kutaja kwamba ni yeye, au aliyemwuzia, aliyekiweka kijenzi hicho ndani. Naona afadhali tuseme kijenzi cha watengenezaji wengine, kisha watengenezaji hao watajwe. Kutaja jina hakutafsiriki vibaya.

Na namna kilivyowekwa ndani? Fungasha ni kitenzi cha mizigo. Kilichofungashwa pamoja na kingine hukaa kando yake, na ukifungua mzigo utakiona. Vijenzi vya Java havikai hivyo. Faili moja huwekwa ndani ya jingine, na hilo ndani ya jingine, na wakati mwingine hata jina la asili hubadilishwa katika kutiwa humo, hivi kwamba anayetafuta kwa jina hapati kitu. Lugha yetu inacho kitenzi kufumbata, kukifunika kitu kiganjani kisionekane. Kijenzi kilichofumbatwa chamwonya msomaji kwamba kutokukiona si dalili ya kutokuwapo.

Kutokana na hilo hata sasisha, ambalo nalihesabu miongoni mwa maneno yaliyobuniwa vizuri kabisa, lilikuwa na dosari katika waraka ule. Limetoka katika sasa, ni jepesi, na simu za mkononi zimelifikisha vijijini. Lakini sasisheni, ninyi, nini? Aliyenunua mfumo uliofumbata Log4j hana ruhusa wala njia ya kuugusa moyo wake. Hana budi kumngoja mwuzaji atoe toleo jipya. Mwuzaji naye alikuwa akimngoja wa nyuma yake. Hata watunzaji wenyewe hawakufika kwa hatua moja: walitoa toleo 2.15.0, likaonekana halijaziba vya kutosha, likafuata 2.16.0, kisha 2.17.0, kisha 2.17.1, yote mwezi huo wa Desemba. Aliyesasisha tarehe 11 akaweka waraka katika jalada la kazi zilizokwisha hakuwa salama. (Neno kiraka nalikubali bila ubishi. Mpirani kiraka ni mchezaji anayeweza kuziba nafasi yoyote, na hiyo ni sifa.)

Tarehe 17 Desemba 2021 shirika la usalama wa mitandao la serikali ya Marekani, CISA, lilitoa agizo kwa ofisi za serikali kuu ya nchi hiyo. Liliwapa hadi tarehe 23 kuziba, au kupunguza hatari kwa njia nyingine, au kuuondoa mfumo kwenye mtandao. Kwa mfasiri hapo pana somo: vitenzi vitatu, mtendaji anayejulikana, tarehe moja. Ofisi isiyoweza kuziba bado ilikuwa na la kufanya.

Mtu asidhani kwamba kupotea kwa tahadhari ni jambo la wanaotafsiri tu. Kisa cha mkutubi wetu kina ndugu yake mkubwa huko huko Marekani. Tarehe 7 Machi 2017 ilitangazwa kwamba kijenzi kiitwacho Apache Struts kina upenyo, na dawa yake ikatolewa. Siku mbili baadaye kampuni ya Equifax, inayoweka kumbukumbu za mikopo ya watu, ilituma tahadhari kwa wafanyakazi wake zaidi ya 400. Mtaalamu aliyejua kwamba Struts imo katika mfumo wao hakuwa katika orodha hiyo. Wavamizi waliingia mwezi Mei, wakatambuliwa mwishoni mwa Julai, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimechukuliwa. Waraka ule ulikuwa kwa lugha ya wenyewe, na bado ulimkosa mwenyewe.

Maneno mawili yasiyokuwamo katika waraka wetu yanastahili kuguswa, kwa kuwa wafasiri wananiuliza. La kwanza ni kufichua. Anayegundua upenyo husemwa ameufichua, kana kwamba ameumbua mtu. Kwa kweli hufanya mambo mawili yanayoachana. Kwanza huarifu, yaani huwaambia watunzaji faraghani ili wazibe. Baadaye jambo hutangazwa kwa wote. Kwa Log4j kuarifu kulikuwa tarehe 24 Novemba na kutangaa tarehe 9 Desemba. Swali la nani aarifiwe kwanza si dogo: serikali ya China iliisimamisha Alibaba kwa miezi sita katika ushirikiano wao wa kupashana habari za usalama, kwa kuwa wizara haikuarifiwa mapema. Neno moja la kufichua haliwezi kubeba ugomvi huo.

La pili ni mlango wa nyuma, ambao wengine, kwa kupenda Kiswahili cha pwani, huuita mlango wa uani. Mwezi Machi 2024 mhandisi Andres Freund alishangaa kuona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa nusu sekunde. Alipofuatilia alikuta katika xz, kijenzi cha kufinyaza mafaili, njia ya kuingilia iliyotiwa kwa hila na mtu aliyejipatia imani ya mtunzaji kwa muda mrefu. Mlango wa uani hauna aibu hiyo. Ndiko wanakopita jamaa, jirani na muuza samaki. Mlango wa siri ndio unaofaa.

Waraka ule ningeuandika hivi leo: "Upenyo wa hatari umegunduliwa katika Log4j, kijenzi cha programu kilichoandikwa na watengenezaji wengine na kufumbatwa ndani ya mifumo mingi. Wapo watu wanaoutumia sasa kuvamia kompyuta. Fundi wa kompyuta awaulize leo waliowauzia mifumo kama Log4j imo, na kama wametoa toleo lililozibwa. Likiwapo, aliweke, kisha aulize tena kila siku hadi atakapoambiwa hakuna jipya. Lisipokuwapo, mfumo utengwe na intaneti." Umekuwa mrefu mara tatu. Wenzangu wameniambia kwamba huko si kutunga istilahi, ni kueleza, nami sina jibu zaidi ya zile siku tisa.

Limebaki pengo moja. Tangu siku za Jambo OpenOffice, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, nguvu nyingi zimekwenda kwenye maneno yanayoonekana kwenye skrini, na nyingine kwenye ubishi kama mashine iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Orodha zetu zina majina ya vitu. Hazina jina la yule ambaye katika makala haya nimemwita mtunzaji, nami sikuridhika nalo, kwa sababu mtunzaji wa bustani hulipwa na mwenye bustani. Huyu hana mwajiri katika kazi hiyo, hawajui wanaomtegemea, nao hawamjui hadi siku ya tahadhari. Nimefikiria mlezi wa programu. Mwalimu mmoja amenipinga kwamba mlezi humlea mtoto akakua akaondoka, ilhali programu haiondoki. Wasomaji wenye neno bora zaidi walilete kwa mhariri kabla kamati ya istilahi haijakaa.